Msalaba wa Nta wa Tanguy

Siku hiyo tulikuwa shambani tukichimba viazi, mimi na binamu yangu Soazig. Jua zuri, kondoo wanajilia majani. Ghafla akatupa jembe.

"Nimechoka! Mke si mke, mjane si mjane!"

Alikuwa na haki. Mumewe Tanguy alikuwa baharia wa manowari ya matanga, Morgane. Waingereza waliiteka, wakapandisha bendera yao, wakaondoka nayo, Tanguy na wenzake wakiwa mateka, wamefungiwa chini. Haikufika popote. Wakubwa wa jeshi letu la majini, kule bandarini Brest, wakamjibu Soazig, "Ile si meli yetu tena, mama." Waingereza nao wakasema mateka si watu wao. Miaka mitatu anapigwa danadana. Inaudhi hata kusimulia.

Kwetu kisiwani Ouessant, aliyepotelea baharini huzikwa kwa msalaba mdogo wa nta. Hukeshewa nyumbani kama maiti, asubuhi padri akaufungia kwenye sanduku kanisani mpaka askofu aje, ndipo uzikwe. Mkeshani huitwa jina moja tu, la marehemu. Soazig alipoomba Tanguy azikwe hivyo, padri alisita, maana kifo hakikuthibitishwa. Akamganda mpaka akakubali.

Mzee Malo, baba wa ubatizo wa Tanguy, aliuweka msalaba juu ya kitambaa cheupe. Jina alilichora mwenyewe kwa ncha ya kisu.

"Mwite, mwanangu," alinong'ona. "Yeye peke yake."

"Tanguy."

Hasira zikampanda Soazig.

"Tanguy! Na wenzako! Njooni meli nzima mzikwe, maana hakuna anayewataka!"

"Umefanya nini, mwanangu?"

Mshumaa ukazimika. Nikasikia miguu. Mingi. Mitupu. Imelowa. Mlango ulikuwa na komeo.

Kulipokucha sakafu ilikuwa kavu. Tulipeleka msalaba kanisani bila kutazamana.

Askofu alipokuja, padri alifungua sanduku. Ufunguo ulikuwa kwake tu. Lilikuwa limejaa pomoni. Misalaba ya nta, yote imelowa, inanuka lami. Mingine ina majina ya Kiingereza.

Soazig akapiga magoti, akaanza kuichambua akiutafuta ule aliouchora Malo. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliitoa mmoja mmoja mpaka mbao za chini zikaonekana.

Haukuwemo.

"Wamekuja wote," akaninong'oneza. "Wangu tu ndiye asiyekuja."

Tangu hapo hafungi mlango wake. Kila asubuhi kizingiti huwa kimelowa, hata kiangazi. Nimeyaonja maji yale. Yana chumvi.