Sauti ya Kukumbusha Deni

Mwili wa meneja wa madeni ulikutwa asubuhi na mfagizi, katika chumba kidogo cha kurekodia sauti ambacho kuta zake zilibandikwa sponji nyeusi toka chini hadi juu. Alilala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Kando yake ilikuwepo stendi ya maikrofoni yenye kitako kizito cha chuma, imefutwa ikafutika.

Inspekta aliyepewa kesi alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kituoni walimwita Bi Polepole, wakidhani hajui. Alijua, na wala jina hilo halikumuudhi. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia, huku Sajini wake, mzee aliyekaribia kustaafu, akipiga miayo nyuma yake.

Chumba kilivurugika. Kiti kilipinduka, maji ya chupa yalimwagika juu ya meza. Lakini maikrofoni yenyewe ilikuwa imechomolewa na kulazwa kwenye kasha lake. Waya wake ulikunjwa duara safi, ukafungwa kwa utepe, ukatundikwa ukutani.

"Piga picha huo waya," Inspekta alimwambia mpiga picha.

"Waya, afande?"

"Waya. Mtu ameua, halafu amepanga vyombo."

Hapo simu ya Sajini ikaita. Aliigusa kwa papara akitaka kuizima, akabonyeza pasipotakiwa, na sauti ya mwanamke ikajaa chumbani, laini na yenye heshima zote.

"Habari za asubuhi, ndugu mteja. Mkopo wako umepita siku yake. Tafadhali lipa leo, ili tusilazimike kuwajulisha watu wako wa karibu."

Sajini alitamani ardhi ipasuke immeze. Inspekta alitazama jina la kampuni lililoandikwa mlangoni, kisha akamtazama yeye.

"Ni hawa hawa?"

"Ni hawa hawa, afande."

"Ulikopa nyingi?"

"Kidogo tu. Zamani ilikuwa kidogo." Sajini alijikuna shingo. "Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawa wamefupisha, afande. Harusi yenyewe hata sikuiona."

Inspekta hakucheka, ingawa alitaka. Alimwonea huruma. Sajini alikuwa na mshahara na sare, na bado sauti ile ilimfanya ainame kama mtoto aliyekamatwa jikoni.

Kabla ya adhuhuri mshukiwa alikuwa mahabusu. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka mtaa wa nyuma, na ushahidi dhidi yake ulitosha kumfikisha mahakamani. Mchana wa jana alifika ofisini akapiga kelele mbele ya watu wote kwamba atammaliza meneja. Jioni mlinzi alimwona akirudi. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye kitasa cha chumba cha sponji.

Mkuu wa kituo alifurahi. Alimwambia Inspekta kwamba kesho asubuhi fundi atasomewa shtaka la mauaji, na kama Bi Polepole ana jambo la kuongeza, basi aliongeze leo. Fundi alikuwa na mke na watoto watatu, na kwa kosa lile asingerudi nyumbani kwake tena.

"Nilisema nitammaliza," fundi alikiri, mikono yake myembamba ikiwa mezani. "Sikatai. Ungesema hata wewe, afande."

"Kwa nini?"

Alieleza, na Inspekta akamwacha aeleze. Cherehani iliharibika, akakopa kwa simu. Hakuna aliyemuuliza anapata nini kwa wiki. Fedha ziliingia kabla hajaiweka simu mfukoni. Siku ya kulipa ilipofika hana, programu ileile ikampa mkopo wa pili alipie wa kwanza, kisha wa tatu. Waliposhindwana wakaanza kupigiwa watu waliomo kwenye simu yake: mama mkwe, wateja, hata mchungaji. Wateja wakaacha kuleta vitambaa, na bila vitambaa angelipa kwa nini?

"Jioni ulirudi kufanya nini?"

"Kuomba radhi."

"Radhi?"

"Nilimtukana mtu ambaye ananidai. Nilirudi kumbembeleza. Mapokezi hapakuwa na mtu. Nikafungua mlango, nikaona damu, nikakimbia."

"Hukupiga kelele."

"Nani angeniamini?"

Inspekta alisukuma mbele yake waya mrefu wa kipaza sauti aliouazima kwa shemeji yake, ambaye hupiga muziki kwenye sherehe. Akamwomba aukunje. Fundi alishangaa lakini akautwaa. Aliushika kiganjani, akauzungusha kwenye kiwiko na kurudi kiganjani, haraka, kama anayekusanya uzi uliofumuka. Ukatoka umejisokota.

"Asante," alisema Inspekta, na moyoni akaamini kwamba huyu siye. Lakini imani ya moyoni hakimu haihitaji.

Alasiri alirudi kule ofisini. Mkurugenzi wa kampuni, kijana wa suti, alimpokea kwa maji baridi na maneno mengi. Alisema wao si wakopeshaji wa zamani, wao ni teknolojia. Inspekta aliuliza kuhusu kanuni mpya za mamlaka ya fedha, alizozisikia redioni. Mkurugenzi alikiri kwamba kuanzia mwezi ujao mkopeshaji atatakiwa kupima kipato cha mtu kabla ya kumpa fedha, kumwonyesha gharama yote mapema, na kutowapigia ndugu zake kabisa.

"Na mlijiandaa?"

"Meneja ndiye alikuwa akishughulikia. Alikuwa anarekodi ujumbe upya, wa kistaarabu."

"Kwa ndugu?"

Mkurugenzi alikunywa maji. "Ujumbe usingetaja deni. Ungesema tu kwamba tunamtafuta ndugu yao kwa jambo la dharura."

Inspekta alifikiri jinsi zamani, ili mtu akukopeshe, ilibidi akutazame usoni, na kutazamana huko ndiko kulikowazuia wote wawili kupitiliza. Siku hizi kilichokuwa kikikopesha hakikuwa na macho. Sheria nayo ilikuja nyuma, ikihema, na hawa tayari walishaona mlango wa uani.

Aliuliza nani mwingine hukitumia chumba kile. Mkurugenzi alisema ni watu wawili tu wenye funguo. Mmoja ni marehemu meneja, mhasibu kwa taaluma, ambaye mitambo ya sauti ilimpiga chenga. Wa pili ni mwenye sauti. Wanamwita Asali. Walimrekodi neno moja moja, tarakimu, majina, mama, baba, shangazi, jirani, kisha mashine ikawa inaunga yenyewe sentensi na kumpigia yeyote.

"Anajua sentensi zinazoungwa?"

"Yeye alilipwa kwa maneno, afande. Sentensi ni zetu."

Kompyuta ya chumba cha sponji ilionyesha kwamba kitu cha mwisho kuchezwa jana jioni kilikuwa kipande cha simu, sampuli aliyoikata meneja kufundishia wafanyakazi. Inspekta alikisikiliza. Sauti ya Asali ilimwambia mtu, mama, mwanao ana deni, lipa leo au mtaa mzima utajua. Bibi mmoja akajibu kwa sauti ya kutetemeka: "Mwanangu? Ni wewe? Basi nitalipa. Nitalipa leo hii." Kipande kikaishia hapo.

Inspekta akaomba simu yote, si kipande. Na akaomba Asali aletwe kituoni.

Alipoingia na kusalimia, kituo kizima kiligeuza shingo. Sajini alisimama wima bila kujua kwa nini. Asali alikuwa binti mdogo wa umbo, amefunga kitambaa cheusi kichwani, na ile sauti ilionekana kumzidi kimo.

Inspekta alimwambia wanahitaji utaalamu wake. Alimvisha hedifoni zenye waya mrefu, akamsikilizisha simu ambayo fundi alipigiwa, akamuuliza kama mashine inaweza kusikia matusi ya mtu. Asali alijibu kwa utulivu kwamba haisikii kitu. Inarekodi tu. Mtu akilia, akitukana, akiomba, yenyewe inaendelea na zamu yake.

Kisha alivua hedifoni. Mikono yake, bila yeye kuitazama, ikaanza kuukunja waya: duara moja kwa juu, duara moja kwa chini, la juu, la chini, kama wafanyavyo watu wa studio. Ukalala mkononi mwake bila kujisokota hata kidogo. Akaufunga kwa utepe na kuuweka mezani taratibu.

Inspekta aliweka kando yake picha ya chumba cha sponji.

Asali aliitazama picha, akautazama waya, akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Nilikunja," alisema.

"Una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha. Watu wote wananisikia, lakini mimi sijasema kitu toka mwaka juzi."

Sajini alivuta kiti. Inspekta aliuliza, "Alikufanya nini?"

"Alitaka nirekodi maneno mapya. Nikamwambia sitaki. Nilishaanza kusikia watu sokoni wananizungumzia bila kujua ni mimi, wanavyonilaani. Akacheka. Akasema maneno haya yanasaidia watu kulipa, sikiliza. Akaniwekea simu."

"Ya yule bibi."

"Ya mama yangu."

Inspekta alipitisha mkono usoni. Bibi yule alisema mwanangu, na kila mtu pale ofisini alisikia jinsi wazee wanavyomwita kijana yeyote. Yeye mwenyewe alisikia hivyohivyo.

Asali aliendelea. Mdogo wake wa kiume, asiye na kazi, alikopeshwa kwa simu yake kuukuu, akakimbia. Mashine ikampigia mama. Yeye, Asali, hakujua lolote. Alichojua ni kwamba mama aliacha ghafla kupokea simu zake. Alipokwenda nyumbani, mama alimfungulia mlango, akamtazama kama mtu anayemwogopa, akamuuliza mara mbili kama yuko salama. Akauliza kama amekuja na watu. Hakusema zaidi. Kumbe alishauza vyombo vyake vyote vya maana. Wiki chache baadaye shinikizo la damu likamwondoa.

"Nilizika mtu aliyeacha kuzungumza nami," alisema, "na sikujua kosa langu. Nilimuuliza kila shangazi. Jana nikaambiwa. Kumbe nilimtukana mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Na yule anacheka, ananiambia, unaona? Huyu alilipa siku hiyohiyo."

"Ukachukua stendi."

"Sikumbuki kuichomoa maikrofoni. Nakumbuka alikuwa ameinama kuirudisha ile simu mwanzo, anisikilizishe tena."

"Ulijua kwamba fundi amekamatwa?"

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. "Nilisikia mchana. Nilikuwa najishauri nije."

"Ungekuja?"

Alifikiri kwa uaminifu, na Inspekta akamheshimu kwa hilo. "Sijui, afande."

Maelezo yaliandikwa, akatia sahihi. Sajini alikwenda mwenyewe kumfungulia fundi cherehani, na huko kwenye korido walisikika wakizungumza kwa sauti za chini, watu wawili wanaodaiwa na mashine moja. Deni la fundi lilikuwa palepale. Kesi ya mauaji haikufuta hata senti.

Inspekta hakuinuka. Mezani palikuwa na kompyuta, na ndani yake ile simu nzima iliyoletwa saa moja iliyopita. Alikuwa ameisikiliza hadi mwisho, peke yake, mlango umefungwa. Toka hapo alikuwa akibishana na nafsi yake. Kumsikilizisha kungeweza kuwa ukatili mtupu. Kutomsikilizisha kulikuwa ni kumwacha na lile kosa maisha yake yote.

"Meneja alikata kipande," alisema hatimaye. "Simu ilikuwa ndefu. Mama yako hakukata. Nimeisikia yote. Ukitaka nitaiwasha, usipotaka nitaifunga, na hakuna atakayekulazimisha."

Asali aliitikia kwa kichwa tu.

Sauti yake mwenyewe ilitoka kwanza, tamu, ikiomba deni, ikitishia mtaa mzima. Mama akasema nitalipa. Sauti ikarudia maneno yaleyale. Mama akasema, nimeshasikia, mwanangu, nitalipa. Sauti ikarudia. Kukawa na ukimya mdogo, mtu akihema karibu na simu. Kisha yule mama akanong'ona haraka haraka, kama anayechelea kusikiwa na watu waliosimama upande wa pili.

"Sikiliza. Najua hayo si maneno yako. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema, nakujua unavyosema. Kama wamekushika, kama wanakusomesha hayo kwa nguvu, usibishane nao. Kohoa tu, nijue umenisikia. Sitapokea tena simu zako, wasije wakakutesa kwa ajili yangu. Nauza vyombo leo, nawalipa. Wakishapokea waambie wakuachie, uje nyumbani."

Sauti ya mashine ikamshukuru kwa ushirikiano wake, ikamtakia siku njema, ikakata.

Asali alikaa muda mrefu viganja vikiwa mdomoni. Kisha, mbele ya kompyuta iliyokwishazima, akakohoa.