Viatu Vyekundu vya Shangazi Tabu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwanaupe alifagia kibanda cha baba yake, Mzee Nassibu, fundi wa makatambuga pale Manyamanyama, Bunda. Miaka hiyo viatu vya dukani vilikuwa adimu kama sabuni, kwa hiyo nusu ya mji ilitembelea viatu vya matairi vya Mzee Nassibu. Mwanaupe naye alikuwa na jozi yake, tena kubwa, kwani hakuna msichana wa darasa la sita aliyemfikia kwa ukubwa wa miguu.

"Pantoni hiyo inakuja!" Felisian, mwanafunzi mwenzake, alizoea kumtania wakiwa mstarini. "Tupisheni, isije ikatuvusha Ukerewe!"

Watoto walicheka. Mwanaupe alicheka pia, lakini moyoni aliumia. Alikuwa na mbio kuliko wote, ila angeweza kuificha miguu yake mfukoni, angeificha.

Ikafika siku ya mashindano ya shule huko Butiama. Mwanaupe ndiye aliyepangwa kumalizia mbio za kupokezana vijiti, na shule yao haikuwahi kushinda chochote. Yeye aliwaza macho ya watu tu. Akanyata, akachukua viatu vyekundu vya mtumba vya Shangazi Tabu, dada wa baba yake aliyeishi nao, vidogo, vyenye ncha. Alikunja vidole, akang'ata kanga, akasukuma mpaka miguu ikaingia.

Aliposhuka kwenye lori la pamba lililowabeba hadi Butiama, alitembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

"Unaumwa?" Mwalimu Selestina aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Ndio mwendo wangu."

"Tangu lini? Vua hivyo, ukimbie peku kama wenzako."

Viatu vikagoma, maana miguu ilikuwa imevimba. Felisian alivuta mguu mmoja, Mwalimu akavuta wa pili, Mwanaupe akaburuzwa nyasini kama jembe la ng'ombe. Watazamaji waliacha mpira wakaja kuona maajabu hayo. Mzee Nassibu, aliyekuja kuuza makatambuga, akapenya na kisu chake.

"Baba, usikate! Ni vya shangazi!"

"Najua. Leo silali nyumbani," alisema, akakata.

Miguu ikatoka, mikubwa na myekundu, mbele ya Butiama nzima. Watu wakacheka. Mwanaupe akaifunika kwa sketi, akalia.

"Sikimbii, baba. Wameiona."

Mzee Nassibu akachuchumaa. "Mteja akija kwangu, naanzaga na nini?"

"Unapima mguu."

"Halafu?"

"Unakata tairi."

"Umewahi kuniona nakata mguu ili uenee kwenye tairi?"

Mwanaupe akacheka huku machozi yakimtoka.

"Basi mguu wako haujakosea, mwanangu. Kilichokosea ni kiatu. Simama."

Felisian alimkabidhi kijiti wakiwa wa nne. Mwanaupe alikimbia bila kumtazama mtu, akampita mmoja, akampita mwingine, akamaliza wa pili. Kila mkimbiaji akapewa kipande cha sabuni, na siku hizo sabuni ilikuwa dhahabu.

Ndani ya lori, Mwalimu Selestina aliwaambia, "Mtoto akianza kujiona kwa macho ya wanaomcheka, atavaa hata kisichomwenea. Jipendeni mlivyo. Na wewe Felisian, mzaha wako umemvimbisha mwenzako miguu."

Felisian aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mwanaupe. Sikuiti tena Pantoni."

"Niite tu," Mwanaupe alijibu, akanyoosha miguu yake yote katikati ya lori. "Ila pantoni ina nauli. Lete kipande chako cha sabuni, Shangazi Tabu ananisubiri mlangoni."