Mnywaji wa Kitanda cha Dirishani

Chupa ya dawa ilikuwa inaisha upesi mno. Nesi, ambaye wenzake walimtania kwa jina la Mama Vipimo kwa kuwa haamini kitu mpaka akikague mara mbili, aliitazama pampu ya dawa: kasi ileile. Mrija hauvuji, shuka kavu. Ila palinuka majivu yaliyomwagiwa maji, ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi ambamo hata maua hayaruhusiwi.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala kaka yake, fundi cherehani. Vijidudu vimeingia kwenye damu, presha imeporomoka. Kilichomshikilia ni dawa ya chupa ile tu, adrenalini, homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe mtu anapoogopa. Mwili wa kaka ulikuwa umeishiwa nayo.

“Mama Vipimo, dawa inakwenda wapi?” daktari alinong’ona, akimtupia jicho la pembeni.

“Unadhani naiba dawa ya ndugu yangu wa tumbo moja?”

“Sijasema hivyo.”

Alikuwa amesema. Naye Mama Vipimo akamshuku daktari, akamshuku mfagizi, akamshuku hata wifi yake aliyekuwa akichungulia kwenye kioo cha mlango.

Mchana kweupe akasikia kitu kikifyonza. Aligeuka, hapakuwa na mtu, lakini mrija ulikuwa ukitetemeka na dawa ikipanda ndani yake kurudi juu, kuelekea kwenye chupa na kupotelea hewani, huku presha ya kaka ikishuka na kushuka na ile harufu ikizidi, mpaka moyo wa Mama Vipimo ukadunda kama unataka kutoka.

Akamwinamia kaka sikioni, kama manesi wanavyofundishwa kuzungumza na mgonjwa aliyelala fofofo.

“Kaka, usiniache. Kama hofu imekuishia mwilini, chukua yangu yote.”

“Nimepokea,” sauti ikajibu. Midomo ya kaka haikutikisika.

Presha ikapanda. Baada ya siku chache kaka akarudi kwenye cherehani yake, na daktari akaomba radhi. Mama Vipimo alifurahi sana, jamani, acheni tu.

Jioni moja, alipokuwa akivuka barabara, lori lilifunga breki likagusa gauni lake. Watu walipiga mayowe.

“We mama, huogopi kufa?” dereva alifoka.

Moyo wa Mama Vipimo ulikuwa umetulia tuli. Alijaribu kuogopa, akajilazimisha, wapi! Karibu na shingo yake kitu kilikuwa kikifyonza, taratibu, bila haraka yoyote.