Sauti Nyuma ya Maktaba

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: ukimsikia mwanamume unayempenda akimwita mwingine kipenzi kwenye simu, utasukuma mlango umuulize papo hapo, au utakusanya nyuzi zako uende zako kimya kimya? Usijibu haraka. Mable naye alidhani anajua angefanya nini.

Mable Wakesho alikuwa fundi wa cherehani pale Voi mjini, kwenye baraza ya duka linalotazamana na soko. Alikuwa msichana wa Werugha, huko milimani, mwembamba, mwenye vidole virefu, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutaka kujua. Ukimletea gauni la harusi apunguze kiuno, hapunguzi kwanza. Atauliza bwana harusi ni wa wapi, walionana wapi, na mama mkwe alisemaje. Wateja walimpenda kwa hilo. Wengine walileta nguo isiyo na tatizo lolote ili waulizwe.

Basi siku moja ya soko, upepo umebeba lile vumbi jekundu la Voi mpaka kwenye meno ya watu, bodaboda ikakata kona kumkwepa mbuzi, na katoni iliyofungwa nyuma ikapasuka. Vilikuwa vitabu. Vikamwagika barabarani, vingine vikafunguka mgongo, karatasi zikaruka juu ya mafungu ya vitunguu. Ukurasa mmoja ukaja ukiviringika hadi kwenye baraza, na Mable akaukanyaga.

Aliyekuwa amepakiwa nyuma alikuja akiinama inama, akiokota. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, suruali ya kijivu iliyokwisha kuwa nyekundu magotini.

"Pole dada," alisema, "umekanyaga ukurasa wangu."

"Nisingeukanyaga ungekuwa umefika Mwatate saa hii. Sema asante."

Akasema asante. Akasema pia jina lake, Kaloki, na kwamba asubuhi anafanya kazi kwenye ofisi ya vifurushi vya basi, na mchana anajitolea katika maktaba ndogo iliyo nyuma ya soko. Mable alikuwa amepita hapo miaka yote akidhani ni kanisa. Kaloki alipoeleza kwamba vile vitabu vilivyokatika atavibandika kwa gundi, Mable alicheka hadi akashika meza. Akachukua sindano ya kushonea magunia na uzi wa nailoni, akakishona kimoja pale pale, mgongo ukakaa sawa, huku Kaloki amechuchumaa akimtazama vidole.

"Hiki kinahusu nini?" Mable akauliza akikata uzi kwa meno.

"Njoo maktaba ukisome."

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Ninao. Lakini nikikuambia yote leo, kesho utakuja kufanya nini?"

Ndivyo ilivyoanza. Kesho yake alikwenda, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, amefunga cherehani mapema na kuwaambia watu anaumwa na jino.

Ile maktaba zamani ilikuwa nyumba ya kinu cha posho, na ukipitisha kidole kwenye nyufa za ukuta bado unatoka na unga. Walipaka rangi ya samawati, wakatengeneza rafu kwa mbao za masanduku, wakavalisha kila kitabu karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa shule. Hakuna aliyelipwa pale. Aliyekuwa mkubwa wao ni Madam Pauline, nesi mstaafu, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Jumamosi watoto walisomewa hadithi. Jioni watu wazima waliokosa shule walifundishwa kusoma. Vijana walisaidiwa kutafuta kazi kwenye kompyuta moja iliyokuwa ikizimika ikikasirika. Na ulikuwapo mpango wa kuwasomea kwa simu wazee walioishiwa na macho, huko milimani na kule Rukanga. Wengi waliomba Biblia au habari za gazeti. Madam Pauline aliweka sharti moja gumu: msomaji hasemi anamsomea nani, wala anasoma nini. Alisema mtu akishapoteza macho, abaki angalau na siri zake.

Mable akapewa kona karibu na dirisha, ikaitwa hospitali ya vitabu. Kaloki alimletea wagonjwa, naye akawashona. Walikoroga unga wa ngano kuwa gundi ya majalada, wakapakana puani. Kaloki akamwita daktari. Mable akamwita bwana karatasi. Usiku simu zao zilikuwa na maneno machache na vicheko vingi. Mable alikuwa akimuuliza amekula nini, nani kapika, na kama ni yeye mwenyewe, kitunguu alikikata vipi.

"Mbona unauliza hadi kitunguu, mpenzi?"

"Nataka kuona jikoni kwako bila nauli."

Hata alipokwenda kwao Werugha kumsalimia nyanya yake, Nyanya Mshai, aliyemlea, habari zilikuwa za maktaba tu. Alimweleza hadi ule mpango wa simu. Nyanya, mzee wa kanisa anayeheshimiwa kijiji kizima, alisema Biblia yeye anaijua kwa kichwa, kisha akauliza, kama mtu asiyejali, iwapo wanasoma na vitabu vingine.

Sasa sikiliza penye shida. Shangazi yake Mable, Rita, ana karakana ya kushona sare huko Mombasa, na alimpigia simu kumwita akawe msimamizi wa mafundi. Kazi nzuri, nyumba ya kukaa, mashine za umeme. Mable alimwambia Kaloki wakiwa wanapanga vitabu, akasubiri. Alichokuwa akisubiri ni neno moja tu, usiende. Kwa neno hilo angemkatalia shangazi siku hiyo hiyo.

Kaloki akapangusa kitabu ambacho hakikuwa na vumbi. Akasema ni bahati kubwa, si kila mtu anaipata, aende akaone. Mable akasema ndiyo, ni bahati. Wakaendelea kupanga vitabu, na vingi vikaingia juu chini.

Siku chache baadaye alikuwa peke yake kwenye kona yake, anashona. Nje, kwenye tangi la maji, ndipo mtandao unaposhika vizuri, na Kaloki alikuwa na tabia ya kwenda huko kila siku saa kumi jioni na simu yake. Mable alidhani ni mambo ya vifurushi. Siku hiyo dirisha lilikuwa wazi, na sauti ikaingia, laini, sauti ambayo yeye hakuwahi kupewa hata siku ya raha.

"Usilie, kipenzi changu. Nani kakuambia nitaoa mwingine? Macho yangu yamekuchagua wewe, na mvua ikikatika nitakuja kwenu mchana kweupe, baba yako akitaka asitake." Akasikiliza. Kisha: "Nirudie? Hapo pa macho? Haya, narudia."

Na akarudia.

Sindano ilimchoma Mable kidoleni naye hakusikia. Kilichomuuma zaidi ni hicho cha kurudia. Huyo mwanamke ni nani, anayeambiwa maneno matamu hivyo na bado anataka ya pili?

Kaloki aliporudi ndani, amejaa tabasamu, Mable hakusema alichosikia. Aliuliza tu:

"Huwa unaongea na nani kule kwenye tangi?"

Tabasamu likapungua. "Siwezi kukutajia, Mable. Niliahidi."

"Ni mtu ninayemjua?"

Kaloki hakuzoea kudanganya, ndiyo shida yake. Akajikuna shingo. "Unamjua. Tena vizuri sana. Ndiyo maana siwezi. Nikikuambia nitakuwa nimemvunjia heshima."

"Na mimi heshima yangu iko wapi?"

"Mbona unakasirika? Ni nusu saa tu kwa siku."

Mable akakunja kitambaa chake cha sindano, polepole, kona kwa kona, akakitia mkobani. Akatoka bila kumuaga hata Madam Pauline. Usiku ule Kaloki alimpigia mpaka betri ikachoka. Asubuhi Mable alimpigia shangazi Rita, akamwambia anakuja.

Wiki nzima aliwapitisha rafiki zake mmoja mmoja kichwani, akitafuta ni yupi. Yule wa duka la dawa, ambaye siku hizi amependeza ghafla? Yule wa kwaya? Kila aliyemsalimia kwa furaha alimtilia shaka. Kaloki alikuja barazani mara mbili, shati halijapigwa pasi, akakuta ana wateja. Alikuwa na wateja kwa makusudi. Mara ya pili alisimama kwenye jua muda mrefu, akamwachia mwenye duka salamu, akaondoka. Mable alimchungulia kupitia tundu la kifungo cha koti alilokuwa akilishona mpaka akapotea upande wa soko. Haya, hasira ni hasira, lakini macho yana mambo yao.

Kabla ya safari akapanda Werugha kumuaga nyanya. Hakupiga simu, alitaka kumshtua. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa, ng'ombe anacheua zizini, mboga zimelowa. Alipokaribia akasikia kimya ambacho si cha nyumba yenye watu, ila watu walikuwapo: akina mama watatu wa jirani wameketi upenuni pamoja na nyanya, kila mmoja na ungo wa njegere mapajani, na hakuna aliyekuwa akimenya. Katikati yao, kwenye kigoda, simu imeegemezwa kwenye kikombe cha maziwa. Spika imewashwa.

"'Ukienda,'" ilisema sauti ya Kaloki, "'nani ataniuliza nimekula nini? Rudi, kipenzi, nimesimama mlangoni tangu umande haujakauka.'"

"Ngoja hapo, mwanangu," Nyanya Mshai akaiambia simu. "Huyu jirani alikohoa. Turudishe kwenye mlango."

"Haya nyanya. Lakini kesho mnywe dawa ya kifua wote."

Mable alisimama kwenye nyasi, mkoba begani, hajui acheke au akae chini. Akasogea. Nyanya akainua uso, akamtazama usoni kabisa, hatua chache tu kutoka alipokuwa.

"Nani huyo ameniziba mwanga?" akauliza.

Mable alielewa mambo mawili kwa mara moja, na la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza.

"Ni mimi, nyanya. Huoni?"

Akina mama wakaanza kumenya njegere kwa haraka. Mzee akanyoosha mkono akautafuta uso wa mjukuu wake, akaushika.

"Nakuona ukiwa mwanga na kivuli," alisema. "Na usiwaambie baba yako na ndugu zake. Watanishusha Voi nikakaangwe na joto, mbali na ng'ombe wangu. Ulipokuja na habari za maktaba, nikamwomba mtoto wa jirani anipigie simu. Nikawaambia sitaki Zaburi, nataka hadithi ya watu wanaopendana, ila mchungaji asijue. Nikaletewa huyu kijana wa Kikamba, anasoma vizuri kweli. Hapo mwanzoni nilimsifia mjukuu wangu fundi wa sokoni, akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika."

"Wanakuja kuazima chumvi," akaongeza, akiwaonyesha majirani kwa kidevu. "Kila siku chumvi."

Simu ilikuwa bado imewashwa. Kaloki alikuwa amesikia yote.

"Mable?" alisema.

Mable akainyanyua simu. Nyanya akamwambia airudishe kwenye kikombe, maana wao wamefuata hadithi hii tangu mwanzo, si haki kuachwa njiani. Basi akairudisha, akapiga magoti mbele yake kwenye udongo wenye maji.

"Ulikuwa unasoma," alisema.

"Nilikuwa nasoma. Kwani wewe ulidhani…" Kaloki akakoma. Yeye naye hesabu ilikuwa inamjia. "Ulisikia dirishani. Ee Mable. Uliniuliza ni nani, nikadhani unataka jina la ninayemsomea. Wiki nzima nilijiambia huyu amenikasirikia kwa kuficha jina tu."

"Nilidhani ni yule wa duka la dawa."

Jirani mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Uliniambia niende Mombasa," Mable akasema, na sauti ikashuka. "Mtu anayesoma maneno kama hayo, alishindwa na moja tu."

Upande wa pili maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye tangi, tone baada ya tone.

"Niliogopa," Kaloki alisema. "Ni kazi kubwa kuliko yoyote nitakayowahi kukupa. Nikuambie ukae, halafu miaka ikipita unitazame kama mtu aliyekufungia mlango? Nilitaka ufanye unavyopenda mwenyewe."

"Ninavyopenda mimi hukuuliza."

"Sikukuuliza. Ni kweli." Akavuta pumzi, wote upenuni wakaisikia. "Nakuuliza sasa, Mable. Unataka nini?"

Hakuna njegere iliyomenywa. Ng'ombe mwenyewe aliacha kucheua. Mable, ambaye maisha yake yote alikuwa ameuliza watu wengine wanataka nini, na kwa nini, na tangu lini, aliona kwamba swali hilo halijawahi kumfikia yeye. Akamtazama nyanya, aliyekuwa ameinamisha sikio. Akapangusa magoti, lakini hakuinuka.

"Sitaki kwenda Mombasa," alisema. "Nataka cherehani yangu pale sokoni, na vitabu vyangu vibovu jioni, na nyanya yangu abaki hapa na ng'ombe wake mimi nikipanda kumwona kila mwisho wa wiki. Na usiku sitaki kukuuliza kwa simu umekula nini. Nataka niwe nimekipika, au nimekiona ukikipika. Nataka unioe, Kaloki."