Siku Kwaya Ilipokula Habari

Redio yetu huning'inia kwenye nguzo ya mizabibu, hapa Makutupora. Mume wangu Sostenes hupogoa, mimi hufunga matawi, redio huongea. Sisi wawili maneno yetu tulishayamaliza.

Asubuhi moja ikasema, "Saa nne, sikilizeni habari ya dawa mpya ya ukungu. Mizabibu ya wakulima wengine imeungua."

Nasi tulikuwa nayo dawa hiyo, tuliyogawiwa na ofisi ya kilimo. Tukasubiri. Saa nne ikapigwa kwaya. Mpaka mchana, kwaya.

"Basi ni salama," alisema Sostenes. "Ingekuwa mbaya, wangesema." Akaanza kuchanganya dawa kwenye bomba la kupulizia.

"Mzee, kwaya imekwambia nini kuhusu ukungu?"

"Imeniambia nimshukuru Mungu."

"Mshukuru, ila bomba liweke chini."

Shamba lile ndilo chakula chetu cha mwaka mzima. Nikajifunga kanga safi, nikaenda redioni. Mhariri pale ni Yasinta, binti wa jirani yetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari yetu imeliwa na kwaya?"

Akacheka kidogo. "Gaudence, afisa kilimo, alipiga simu kusema tusitangaze. Mimi nilikuwa mashambani. Mtangazaji akaogopa, akaiondoa."

"Si serikali imesema?"

"Serikali ina nafasi yake, bibi. Tukitangaza uongo au matusi, sheria ipo. Afisa naye ana haki ya kujibu. Lakini habari itoke au isitoke, hiyo ni kazi ya mhariri. Najiuliza: ni kweli? Inawafaa wasikilizaji? Kila upande umesikika?"

"Umesikika?"

"Mizabibu nimeiona imeungua. Amebaki yeye."

"Mpigie. Mwambie kuna bibi amekaa mlangoni, na amekuja na chakula chake."

Gaudence alikuja amenuna. "Mnataka kuniharibia jina?"

"Nataka kukupa kipaza sauti," alisema Yasinta. "Habari itatoka jioni. Itoke na jibu lako au bila jibu lako?"

Akavuta kiti. Jioni tukamsikia mwenyewe. "Ndugu wakulima, msipulizie. Tumekosea, dawa ile ni kali mno. Irudisheni, tutaibadilisha." Sostenes akalisogeza bomba lake mbali na mizabibu.

Siku hizi redio ikikatisha habari, hatusemi mambo ni shwari. Tunakwenda kuuliza.

Mizabibu yetu ilizaa vizuri. Nikamshukuru Yasinta kwa kutoogopa simu. Nikamshukuru na Gaudence, maana kusema "tumekosea" redioni si mchezo. Kila mmoja nilimpa kikapu cha zabibu.

"Na mimi je?" akauliza Sostenes.

"Wewe ulishapata kwaya."