Kucha za Salha Hazina Haraka

Haya, kaeni vizuri. Kila mtu atazame kucha zake.

Mmeziona? Msiziambie neno lolote, maana hazisikii. Salha alizisemesha mpaka akachoka, na mimi nikachoka kumsikiliza.

Salha alikaa Korogwe na Mama na Baba, kwenye nyumba yenye mlango wa bluu. Alikuwa na gauni la njano alilolipenda sana. Lilimfunika magoti.

Siku moja simu ililia. Kri, kri, kri.

Ilikuwa habari ya Bibi, mama yake Mama. Bibi aliteleza kwenye banda la kuku huko Kondoa, na mguu ukavunjika.

"Lazima niende nikamuuguze," alisema Mama.

"Utarudi lini?" aliuliza Salha.

"Mfupa ukishaunga."

"Utaunga lini?"

Mama hakujua. Mfupa hausemi utaunga lini.

Basi Mama akachukua kibakuli, akakoroga hina. Koro, koro, koro. Akampaka Salha kucha zote za mikono, akamfunga vidole kwa vitambaa, akamlaza.

Asubuhi kucha zilikuwa nyekundu. Hina ilikuwa imekolea vizuri.

"Hina ya kwenye kucha haifutiki," alisema Mama. "Inasogea na ukucha mpaka nchani. Kabla haijaisha yote, nitakuwa nimerudi."

Mama akapanda basi. Vuuum. Basi likaondoka, na Salha akabaki amevaa gauni lake la njano.

Akatazama kucha. Hina haikuwa imesogea.

Akatazama tena baada ya chai. Bado.

Akatazama tena baada ya ubwabwa. Bado.

"Kucha nyie," alisema Salha, "mbona mnanichosha?"

Sasa njooni tuingie ndani ya kidole. Polepole, tusimkanyage mtu.

Hapa ukucha unapoanzia, chini ya ngozi, zinaishi seli. Seli ni ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Lakini ziko hai. Zinakula, zinakua, zinafanya kazi. Mwili wote wa Salha umejengwa kwa seli, na wako pia.

Seli za ukucha zilikuwa kazini.

Moja inakuwa mbili.
Mbili zinasukuma.
Sogea kidogo, sogea.

Zile za mbele zilisukumwa, zikakauka, zikawa ngumu. Ndizo ukucha wenyewe. Na hina ilikaa juu yake, inabebwa tu.

Salha hakuyaona hayo. Aliona ukucha umekaa kimya.

Siku chache zikapita. Hina iliyogusa ngozi ya vidole ikapauka, ikaondoka. Ngozi huangusha seli zake za zamani kila siku, na hina huondoka nazo.

"Mmeona?" Salha aliziambia kucha. "Ngozi inajua kazi. Nyie je?"

Kucha zikanyamaza.

Salha akafikiri. Mchicha wa Baba hukua ukimwagiliwa. Basi akatumbukiza vidole kwenye ndoo ya maji. Chubwi.

Akakaa. Akakaa. Akakaa.

Ngozi ya vidole ikajikunja, ikawa na makunyanzi. Ngozi ilikuwa imegundua kuwa iko majini. Hina haikusogea.

Baba akapita. "Unafanya nini?"

"Namwagilia kucha."

Baba akaitazama ndoo. Alikuwa amechoka, na hapo ilikuwa asubuhi tu.

"Seli hazinywi ndooni," alisema mwishowe. "Zinakula unachokula wewe. Nenda kamalize maharage yako."

Salha hakupenda maharage. Akayala yote kwa hasira, huku akizikazia kucha macho.

Chakula kikaingia tumboni. Kikaingia kwenye damu. Damu ikakifikisha mpaka kwenye ncha za vidole. Seli zikala, na kazi ikaendelea.

Moja inakuwa mbili.
Mbili zinasukuma.
Sogea kidogo, sogea.

Asubuhi moja Salha aliamka, akatazama kucha. Pale chini, karibu na ngozi, palikuwa na kipande cheupe. Chembamba, lakini kipo.

Alikimbia kwa Baba. Baba alikuwa bado anakoroma. Khoo, khoo.

"Baba, hina imetembea."

Baba akafungua jicho moja. "Naam. Imetembea."

"Mbona kidogo hivi?"

Baba akalifunga lile jicho.

Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, Baba alimkata Salha kucha. Tak. Tak. Tak. Salha hakuumia hata kidogo, kwa sababu ncha ya ukucha ni seli zilizokwisha kukauka.

"Kata zaidi, Baba. Hina iishe."

"Nikizidisha nitakata kidole."

"Kata na kidole kidogo."

"Salha."

Salha akaurudisha mkono. Lakini moyo wake haukutulia. Alimtaka mama yake. Alimtaka aje leo, si siku ambayo kucha zitapenda zenyewe.

Basi akaenda kwenye ngazi ya saruji pale mlangoni. Akaanza kusugua kucha. Kwaru, kwaru, kwaru.

Ukucha mmoja, hina ikatoka. Wa pili, ikatoka. Akasugua mkono huu, akasugua mkono ule. Kwaru, kwaru, kwaru.

Chini ya kucha, seli za ngozi zilihisi moto. "Tunaumia," zikasema. Habari ikakimbia kidoleni, ikapita mkononi, ikafika kichwani.

"Uwii," alisema Salha, akaacha.

Vidole vyote vilikuwa vinamwasha. Hina ilibaki kwenye ukucha mmoja tu, wa kidole cha mwisho. Kile kidogo kabisa.

Jioni hiyo Salha akaomba simu ya Baba, akampigia Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Bibi humwita hivyo kwa utani.

"Bibi, hina imeisha. Mwambie Mama arudi."

"Imeisha yenyewe?"

Salha akatazama ngazi ya saruji. "Imesaidiwa."

"Basi mguu wangu hauna habari na kucha zako," alisema Bibi. "Na mimi nimechoka, mjukuu wangu. Nimelazwa hapa na plasta ngumu, nimekuwa gunia la mahindi. Kuku wanaingia, wananitazama, wanatoka."

"Uambie mfupa ufanye haraka."

"Nimeuambia. Hausikii."

Bibi na mjukuu wakavuta pumzi pamoja, mmoja Kondoa, mmoja Korogwe.

Na ndani ya mguu wa Bibi, je? Seli za mfupa zilikuwa zinatambaa. Nyingine zilitoka upande huu wa mfupa, nyingine upande ule. Zilikuwa zinatafutana gizani, na zikigusana zinashikana.

Moja inakuwa mbili.
Mbili zinajenga.
Shikana kidogo, shikana.

Kesho yake kuku mmoja alipanda kitandani kwa Bibi. Akatembea juu ya shuka. Akanya.

Bibi hakuvumilia. Aliinuka, akaweka mguu chini amfukuze yule kuku. Ka.

Mfupa ukatikisika. Seli zilizokuwa zimeanza kushikana zikaachana. Zikarudi kuanza upya.

Daktari akaja. "Bibi, tulikwambia usiukanyage bado."

"Waambieni kuku," alisema Bibi.

Jioni Mama akapiga simu. "Salha, mwanangu, nitachelewa kidogo. Mguu wa Bibi umerudi nyuma."

Salha akaishusha simu. Akatazama mkono wake.

Mama alisema atarudi kabla hina haijaisha. Sasa Mama anachelewa, na hina yenyewe iko kwenye ukucha mmoja tu. Ikiisha, je? Mama atajuaje kwamba anangojwa?

Salha akaogopa. Akakileta kile kidole kidogo karibu na mdomo.

"Ukucha wewe," alinong'ona, "mbona una haraka hivyo?"

Mnamsikia? Jana zilikuwa zinamchelewesha, leo zinamkimbiza. Mtoto huyu.

Chakula kilipofika, Salha akasukuma sahani. "Sili maharage. Yanakuza kucha."

"Yanakuza vyote," alisema Baba. "Kula. Ukucha utakua tu, hata ukinuna."

Akala. Na ndani ya kidole kidogo, seli hazikuwa na habari. Hazikuongeza mwendo. Hazikupunguza.

Moja inakuwa mbili.
Mbili zinasukuma.
Sogea kidogo, sogea.

Ijumaa ikafika. Baba akaja na kikata kucha. Tak. Tak. Tak. Kisha akahesabu vidole.

"Kidole cha mwisho kiko wapi?"

Salha alikuwa amekificha ndani ya ngumi. "Hakipo."

"Kimeenda wapi?"

"Kondoa."

Baba akamtazama. Akaona macho yamejaa machozi. Akakirudisha kikata kucha mfukoni.

"Basi kikirudi, tutakiosha kwa sabuni," alisema. "Kucha ndefu zinaficha uchafu."

Wakakiosha kila siku, Baba na Salha. Ukucha ukawa mrefu. Ulimkwaruza Salha akijikuna. Ulinasa kwenye shuka. Ulimkera asubuhi, ulimkera jioni, na bado hakuutaka ukatwe.

Hina ikapanda. Ikabaki nusu. Ikabaki robo. Ikabaki mstari mmoja, mwembamba kama uzi.

Kule Kondoa, mfupa wa Bibi ukaunga. Plasta ikatolewa. Daktari akasema, "Sasa kanyaga, lakini kidogo kidogo." Seli za mfupa zikihisi uzito, hujenga kwa nguvu zaidi. Bibi akakanyaga kidogo kidogo, huku akilalamika kila hatua.

Na siku moja jioni, mlango wa bluu ukagongwa. Ko, ko, ko.

"Hodi."

Salha aliijua sauti hiyo. Aliruka kutoka kwenye mkeka, akakimbia, mkono juu, kidole kimenyooka.

"Bado ipo, Mama. Bado ipo. Tazama, bado ipo."

Mama akakishika kile kidole. Akauona ule uzi mwekundu nchani.

"Ipo," alisema. "Nimeiona."

Nyuma yake Bibi alikuwa amesimama na fimbo. "Mguu umepona. Sasa basi limeniharibu kiuno."

Mama akamkumbatia Salha. Akamwachia. Akamtazama kutoka juu mpaka chini, akakunja uso.

"Nani amelikata gauni hili?"

Lilikuwa lile gauni la njano. Magoti ya Salha yalikuwa nje, yote mawili.

"Hakuna aliyelikata," alisema Baba. "Ni yeye."

Salha akainama, akayatazama magoti yake. Hakuwa ameyaona. Siku zote hizo alikuwa anatazama kucha tu. Alizigombeza, alizibembeleza, na huku seli za miguu zilikuwa kazini, na za mgongo, na za shingo. Mwili mzima ulikuwa unasogea, kidogo kidogo, na yeye yuko ndani yake.

"Umekua, na mimi sikuwepo," alisema Mama polepole.

"Nilikuwa nakungoja," alisema Salha.

Usiku ulipoingia, wakakaa kitandani, Mama, Salha na Bibi. Mama akachukua kikata kucha. Tak. Ule uzi mwekundu ukaanguka kwenye kiganja cha Salha.

"Nikupake tena hina?" aliuliza Mama.

"Hapana. Ukinipaka, unaondoka."

Mama akainuka. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kibakuli. Koro, koro, koro. Akajipaka ukucha mmoja yeye mwenyewe. Akampaka Bibi mmoja.

"Safari hii," alisema, "tunangoja wote, hapa hapa."

Salha akafikiri kidogo. Akanyoosha kidole cha mwisho.

"Zangu zitachelewa," alinung'unika Bibi. "Kucha za kizee zina uvivu."

"Si kitu, Bibi," alisema Salha. "Hatuna haraka."

Bibi akageuka, akamtazama vizuri. "Huyu ni nani anayesema hivyo?"

Salha akacheka, akapiga mwayo, akalala katikati yao.

Taa ikazimwa. Khoo, khoo, akakoroma Baba chumba cha pili. Na ndani ya Salha, toka kwenye vidole mpaka kwenye miguu ile iliyorefuka, kazi ikaendelea.

Moja inakuwa mbili.
Mbili zinasukuma.
Sogea kidogo, sogea.

Haya, na wewe fumba macho. Zako pia ziko kazini.