Waliotolewa kwenye Hesabu

Kila asubuhi kabla basi la shule halijafika, Tilda Haugen alitoka na shoka kwenda kuvunja barafu kwenye hori la maji ili ng'ombe wanywe. Baba yake alipokuwa hai, kazi hiyo ilikuwa ya kaka yake Garrick. Sasa Garrick, kijana wa miaka kumi na tisa, alibaki kitandani akitazama dari, na Tilda wa miaka kumi na tatu ndiye aliyeshika shoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Katika Bonde la Harlow, huku jimbo la Montana, watu hawaulizani mambo kama hayo. Wanaulizana bei ya ndama na kina cha theluji, basi.

Baba yao, Nels, alifariki mwaka uliopita, msimu wa kuwinda. "Alikuwa anasafisha bunduki," mama alimwambia Tilda, na Tilda akaamini. Majirani walileta vyakula, wakavua kofia mlangoni, wakasema maneno hayohayo. Bunduki zake zilibaki palepale kwenye kabati la kioo karibu na mlango wa nyuma, ufunguo ukiwa kwenye kitasa. Karibu kila nyumba ya bonde lile ina kabati kama hilo, na mtu akikuta limefungwa anaweza kudhani wenyeji wamemshuku kuwa mwizi.

Majira hayo ya baridi kaunti ilikuwa ikijiandaa kupiga kura: je, kuwe na sheria ya kuwataka watu wafungie bunduki zao wakiwa nyumbani? Watu waligombana dukani, wakagombana hata kwenye ngazi za kanisa. Mwalimu Pruitt, aliyefundisha maarifa ya jamii, akaamua kwamba wanafunzi nao wafanye mdahalo mbele ya wazazi. Tilda na Colter Redmond wangepinga sheria hiyo. Imogen Sandoval, binti wa daktari aliyehamia pale kutoka mjini, angeiunga mkono.

Siku ya mazoezi Imogen alibandika ukutani bango kubwa. Juu yake alikuwa amechora jambazi aliyevaa kinyago, bastola mkononi.

"Ukilinganisha na idadi ya watu," alisema Imogen, "kaunti yetu ina vifo vya bunduki vingi kuliko jiji tulilotoka sisi. Vingi mno!"

Darasa zima lilipiga kelele. Tilda alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Muongo mkubwa we! Hebu nitajie mtu mmoja aliyeuawa hapa. Mmoja tu!"

"Mimi nimesoma takwimu za jimbo. Wewe umesoma nini?"

"Na huyo jambazi wako kaja na basi gani?" Colter aliuliza. "Maana huku hata basi la kutoka mjini halifiki."

Walicheka sana, na Imogen akaiva uso kwa hasira. Mwalimu Pruitt aligonga meza. "Tilda, kelele si hoja. Kama namba zake ni za uongo, nenda kazitafute za kweli."

Tilda alikubali kwa moyo wote. Alikuwa na hakika kwamba angemwumbua Imogen mbele ya kaunti nzima. Mchana, wakila supu nzito ya maharage na mkate wa mdalasini, yeye na Colter walianza kuwataja watu waliofariki kwa bunduki bondeni tangu wao walipokuwa wadogo. Mahali penye watu wachache hivyo, huhitaji kuuliza serikali.

"Mzee Boyce," alisema Colter. "Alikuwa anasafisha bunduki."

"Yule kijana wa kituo cha mafuta. Naye alikuwa anasafisha."

"Mwalimu wa muziki wa zamani. Alikuwa anasafisha bunduki ya mumewe."

"Na baba," alisema Tilda.

"Na baba yako," Colter alijibu kwa sauti ya chini. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha hata pasipofaa, akaongeza, "Jamani, bonde hili lazima lina bunduki safi kuliko zote duniani."

Tilda hakucheka, lakini alipata hoja. Wote wale walikufa kwa ajali! Kwa hiyo jambazi wa Imogen hayupo, na kinachotakiwa ni watu kufundishwa kusafisha bunduki vizuri. Baada ya masomo walikwenda chumba cha kompyuta wakafungua ukurasa wa takwimu za jimbo. Imogen hakuwa amekosea hata kidogo kuhusu jumla. Vifo vilikuwa kumi na kimoja kwa miaka kumi, na kwa kaunti yenye watu wachache kama ile, hicho ni kiwango kikubwa sana. Chini ya jumla palikuwa na mgawanyo ambao Imogen hakuuweka kwenye bango lake. Mauaji: sifuri. Ajali: sifuri. Kujiua: kumi na moja.

Tilda alisoma mstari wa ajali mara ya pili, kisha ya tatu. Sifuri. Katika wote wale waliokuwa wakisafisha bunduki, hakuna hata mmoja aliyekuwa akisafisha bunduki.

"Tumeshinda!" Colter alisema, macho yake yakiwa bado kwenye mstari wa mauaji. "Ona, hakuna mauaji! Tukishawatoa hawa waliojiua, bango lake lote..." Hapo akamtazama mwenzake. "Tilda. Samahani. Labda wamekosea."

"Hawajakosea," alisema Tilda. Alichukua koti lake akaondoka.

Alimkuta mama yake, Corinne, jikoni akimenya viazi.

"Mama, baba alijiua?"

Kisu kilisimama. "Nani kakwambia hivyo?"

"Takwimu. Ajali ni sifuri."

"Baba yako alikuwa anasafisha bunduki," mama alisema, akaendelea kumenya kwa nguvu. "Mambo ya kwenye kompyuta yaache hukohuko."

"Mbona unanidanganya? Mimi si mtoto mdogo! Na Garrick je? Hali, halali, hasemi. Juzi kampa Lonnie Tveit tandiko lake la farasi, lile aliloachiwa na babu. Bure tu! Nani anagawa tandiko la babu yake?"

Mama alisema chakula kitakuwa tayari baada ya nusu saa, na Tilda aende akaoge. Tilda alikwenda chumbani akalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Aliona kwamba watu wazima wa bonde zima walikuwa wamekubaliana juu ya sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa imewafunga wote midomo.

Mdahalo ulifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa michezo wa shule. Viti vilijaa. Corinne alikaa nyuma kabisa, koti likiwa bado mwilini. Garrick alikuwa amesema anaumwa kichwa, akabaki nyumbani.

Imogen alisimama na bango lake na jambazi wake, akasema yale yale. Wengine walimpigia makofi, wengine walimzomea. Ilipofika zamu ya Colter, alisema kwamba kaunti haikuwa na mauaji hata moja kwa miaka kumi, halafu akakwama, akamtazama Tilda.

Sauti nzito ikatoka kwa wazazi. Ilikuwa ya baba yake Colter, Bwana Hollis Redmond, mfugaji mkubwa na mjumbe wa bodi ya shule.

"Malizia, mwanangu! Waambie! Ukiwatoa wale waliojiua, inabaki ngapi? Sifuri! Wale si wa kuhesabu hapa. Mtu akitaka kujiua atajiua tu. Watoe, uone kama tuna tatizo!"

Makofi yaliyofuata yalitikisa madirisha. Watu walipiga miguu sakafuni, na wengi wao ni walewale waliovua kofia mlangoni kwa akina Haugen. Tilda alikwenda mbele bila kuitwa.

"Bwana Redmond," alisema, "mmoja wa hao unaotaka watolewe ni baba yangu. Wewe ulibeba jeneza lake. Sasa ukishamtoa, unampeleka wapi?"

Bwana Redmond alivua kofia.

"Namba hiyo ina watu kumi na mmoja," Tilda aliendelea. "Nyinyi mnawajua wote. Mlikula nao. Leo mnawafuta ili mshinde mdahalo wa watoto! Na wewe Imogen, usitabasamu. Jumla yako ni ya kweli, lakini picha yako ni ya uongo. Uliona wazi kwamba hakuna mauaji, ukaficha. Umemchukua baba yangu ukamvisha kinyago cha jambazi ili watu waogope. Upande huu mnamtoa, upande ule mnamgeuza mwizi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza alikuwa na shida gani!"

Imogen aliinamisha kichwa. "Sikufikiria hivyo," alisema. Akalibandua bango.

Ndipo Corinne Haugen aliposimama kule nyuma. Alishika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Nels hakuwa anasafisha bunduki," alisema. "Alikuwa mgonjwa wa huzuni kwa muda mrefu, na mimi niliona, na nikaona aibu kumwambia mtu. Alipokufa nikasema lile tunalosema wote. Hollis, unasema mtu akitaka kujiua atajiua tu. Si kweli. Mara mbili kabla ya siku ile, Nels alikuja akanishika mkono akasema ameona heri angoje hadi kesho. Hali ile huja, kisha hupita. Bunduki ndiyo haimpi mtu nafasi ya kungoja ipite." Kisha uso wake ukabadilika. "Tilda, vaa koti. Garrick yuko peke yake nyumbani na zile bunduki."

Walitoka wakikimbia. Walipofika kwenye gari, Bwana Redmond alikuwa nyuma yao, hana hata kofia.

"Corinne, nina sefu ya chuma kwangu. Acha nije nizichukue bunduki zote."

"Si unapinga watu kufungia bunduki?"

"Napinga kuamrishwa na kaunti, na nitaendelea kupinga," alisema, macho yakiwa mekundu. "Sijakataa kumsaidia mtoto wa Nels. Twende."

Walimkuta Garrick amekaa meza ya jikoni, mikono juu ya magoti. Bwana Redmond alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akazifunga bunduki kwenye blanketi, akazipeleka garini bila neno. Corinne alivuta kiti akakaa mbele ya mwanawe. Tilda alisimama mlangoni. Mama hakuzungusha maneno.

"Garrick, unafikiria kujiua?"

Saa ya ukutani iligonga. Kwa muda Garrick alionekana kama mtu atakayesema kichwa tu kinamuuma.

"Ndiyo," alisema. "Kila siku."

Halafu akalia, kijana mrefu vile, na mama yake akamshika kichwa kifuani. Tilda alikuja akamkumbatia kwa upande mwingine. Kabla jua halijazama Daktari Sandoval, mama yake Imogen, alikuwa jikoni kwao. Hakumhukumu Garrick na hakumwambia ajikaze. Alimsikiliza, akampangia dawa na mshauri, akawaambia nani apigiwe simu wakati wowote mawazo yale yakimzidi nguvu.

Siku ya kura sheria ilishindwa kwa kura chache. Walioshinda walizunguka mji wakipiga honi, na walioshindwa wakawaita wenzao wauaji. Pande zote mbili ziliendelea kurushiana namba kama watoto wanaorushiana theluji. Tilda aliwaona kutoka dirisha la gari, kwa kuwa ilikuwa siku ya kumpeleka Garrick kwa mshauri wake, akapandwa na hasira upya.

"Hawajajifunza kitu!" alisema. "Kwa nini tuliongea, sasa?"

Walikuwa wamemfikisha Garrick, wakabaki garini wakimsubiri. Mama alizima injini.

"Kasirika, una haki," alisema. "Lakini shika na hili. Ukipewa namba yoyote, usiulize kwanza kama inakufurahisha. Uliza imewahesabu akina nani. Kisha uliza aliyekupa amewatoa akina nani, na amewatoa kwa faida gani. Imogen aliificha nusu ya ukweli, na Hollis akaificha nusu nyingine. Lakini mimi ndiye niliyeuficha wote, tena mezani kwetu, na nusura nimpoteze mwanangu. Mtu aliye na maumivu aulizwe waziwazi, na wakati huo bunduki isiwe karibu naye. Hilo halihitaji kura."

"Mwakani watatoa takwimu mpya," alisema Tilda.

"Watatoa," mama alikubali. Aliutazama mlango ambao Garrick alikuwa ameingia. "Na kuna mtu mmoja hatakuwamo. Hakuna atakayelijua jina lake, maana aliye hai haandikwi kwenye jedwali lile. Huyo tutamhesabu sisi."